Raundi ya Tano

Baba alirudi kutoka vita vya Bama akiwa na mikono yote miwili na miguu yote miwili, kwa hiyo watu wa bonde letu wakasema amerudi mzima. Kilichobaki huko ni pumzi yake. Akipanda kutoka mtoni hadi nyumbani, njia ambayo mimi niliweza kuimaliza nikiruka kwa mguu mmoja, alisimama mara tatu, akajifanya anaangalia migomba ya jirani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilijua kwamba migomba ile haikuwa na cha kuangaliwa.

Homa na ugonjwa wa kifua vilikuwa vimemlaza miezi mingi katika hospitali ya askari. Alipotoka alikuwa na koti la jeshi la Mfalme wa Uingereza, bakuli la bati, na mwili ambao mama aliuogesha na kuulisha kama mtu anayejaribu kufufua moto kwenye kuni mbichi. Alimpa uji wa wimbi asubuhi, mchana ndizi na maziwa. Mwili ukajaa kidogo. Pumzi haikuja.

Nyumbani kwetu ni chini ya Keumbu, katika milima ya Kisii, mahali ambapo ardhi haijui kulala. Kila shamba limeegemea mlima. Ardhi ya namna hiyo hailimwi na mtu mmoja. Nyumba zinazopakana huungana kuwa risaga, kikundi cha jembe: leo wako kwako, wiki ijayo wako kwangu, mpaka zamu izunguke nyumba zote. Kila nyumba hutoa majembe mawili, la mume na la mke, na kila jembe hupewa mstari wake kutoka chini ya shamba hadi juu. Nyumba isiyotoa majembe haifukuzwi na mtu. Zamu huiruka tu, kama mvua inavyoweza kunyesha huku na huku ikaacha shamba moja katikati likiwa kavu.

Miaka yote ya vita, mama alilima mistari miwili. Mzee aliyeongoza risaga yetu, mtu mwema mwenye sauti ya ng'ombe dume, alimwambia mwanzoni kwamba wangemsamehe jembe moja kwa kuwa mumewe alikuwa vitani. Mama akakataa. "Nyumba yangu ina majembe mawili," akasema. Basi alimaliza mstari wake pamoja na wengine, na wengine wakikaa kunywa uji, yeye alishuka tena chini na kuanza mstari wa baba.

Wakati ule ulikuwa mstari wa mtu aliye mbali, na watu waliuheshimu. Baba aliporudi ukawa mstari wa mtu aliyekaa nyumbani.

"Mke wa askari," jirani mmoja, mwanamke, alimwita siku moja, mdomo umejaa uji, "huo mstari wa pili ni wa Mfalme bado?"

"Ulimi wako ungekuwa jembe," mama akamjibu bila kuinua mgongo, "tungekuwa tumemaliza kabla jua halijatoka."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alicheka pia. Lakini jioni ile baba alikuwa ameshayasikia maneno hayo, maana katika bonde letu maneno hupanda mlima haraka kuliko watu. Hakula. Alikaa akitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa.

Kesho yake, baada ya sala ya asubuhi, alitoka uani akaanza kupanga vitu. Kituo cha kwanza kilikuwa jiwe pana lililokuwa mbele ya ghala: kupanda na kushuka, mguu huu, mguu ule. Cha pili, jiwe la kusagia lililovunjika: kuliinua kutoka chini hadi kifuani. Cha tatu, nguzo ya zizi: kuiegemea kwa mikono miwili mpaka kifua kiiguse, kisha kujisukuma kurudi. Cha nne, kigoda: kukaa na kusimama bila kujishika. Cha tano, kamba aliyoifunga kwenye tawi la mti: kujivuta. Cha sita, mpini wa jembe usio na jembe: kuuinua na kuushusha hewani, kama mtu anayelima shamba la ndoto.

Akaniita. "Hesabu mpaka thelathini, taratibu. Ukifika thelathini sema 'hama.'"

Nikahesabu. Alipofika kituo cha tatu uso wake ulikuwa wa kijivu. Cha nne hakukifika. Alikaa chini uani, na kuku wakaja kumtazama.

Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi. "Baba watoto, hicho ulichopanga hapo ni nini?"

"Ni dawa."

"Dawa ya kupanda jiwe na kushuka? Mimi nimekunywa hiyo tangu nije hapa kutoka Ekerenyo, na hakuna aliyenihesabia."

Tulicheka, sisi watatu. Nimelirudia sana cheko lile miaka hii, nikitafuta kama kulikuwa na kitu ndani yake. Halikuwa na kitu. Lilikuwa cheko tu, asubuhi, kabla ya kazi.

Akipumzika, baba alinieleza. Hospitalini kulikuwa na mtu mfupi mwenye filimbi, mwalimu wa mazoezi ya viungo, aliyewapanga wagonjwa duara uwanjani, mwenye mguu mbovu kando ya mwenye bega bovu, kila mmoja na kazi yake ndogo. Filimbi ikilia, kila mtu alihamia mahali pa mwenzake. Mwanzoni waliona ni mchezo wa watoto. Baada ya wiki kadhaa watu waliokuwa wakisaidiwa kwenda msalani walikuwa wakienda wenyewe.

"Lakini si ungechukua tu jembe ukalima polepole?" nikamuuliza.

"Nimejaribu. Ukifanya kazi moja tu, mgongo unachoka kabla moyo haujajua kwamba kuna kazi. Hapa, mguu ukichoka unaupumzisha kwa kuufanyisha kazi mkono. Mkono ukichoka, unauachia mgongo kazi. Kila kiungo kinapata nafasi ya kukaa, isipokuwa moyo. Moyo unazunguka na wewe vituo vyote. Ndiyo maana unapata nguvu." Akavuta pumzi. "Na ukimaliza raundi, unapumzika. Hilo ndilo watu hawalielewi. Yule mwalimu alimfokea mtu aliyekataa kupumzika zaidi kuliko alivyomfokea mvivu. Mwili haujengwi wakati unainua jiwe. Unajengwa wakati umeliweka chini."

Akanishika kidole na kukiweka kwenye kifundo cha mkono wake, mahali mshipa unapogonga. Kazi yangu ikawa hiyo: kuhesabu vituo, kusema hama, na wakati wa kupumzika kushika mshipa mpaka ugongaji upungue, ndipo nimruhusu kuanza tena. Hakuwahi kuanza bila ruhusa yangu. Mtu aliyetoka vitani, akimsubiri binti yake amwambie kwamba moyo wake umetulia.

Kabla ya hapo, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuteka maji. Safari mbili mtoni kabla ya shule. Mama alisema, "Mhesabie baba yako. Maji nitaleta mimi."

Wiki ya pili alimaliza raundi nzima. Ya nne, raundi mbili. Wapita njia walizoea kusimama kwenye ua kumtazama. "Askari!" mmoja alimwita. "Leo umeteka nchi gani?" "Leo nimeteka ghala langu," baba akajibu, na nikagundua kwamba alijibu akiwa katikati ya kazi, na neno halikukatika. Mwezi mmoja kabla hangeweza kupanda jiwe na kusema kwa wakati mmoja.

Siku hizi naona walimu wa shule wakiwapanga watoto duara uwanjani na filimbi, na nasikia wakisema mazoezi hayo yanaimarisha moyo na mapafu, yanakaza misuli yote kwa pamoja, hayahitaji vyombo vya thamani, na mtu mnyonge anaweza kuyafanya kando ya mtu mwenye nguvu bila mmoja kumchelewesha mwingine. Sibishi. Niliyaona yote kwa mtu mmoja. Niliona usingizi ukirudi kwanza, usingizi mzito usio na kikohozi. Kisha hamu ya kula. Mabega yakafunguka. Na Sabato moja, siku yetu ya Jumamosi, kanisani, nilisikia sauti nzito ikishikilia mwisho wa wimbo baada ya wengine kuuachia, nikageuka kutafuta ni ya nani, nikakuta ni ya baba yangu. Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani anasali.

Aliazimia raundi tano. Alikuwa amekadiria kwamba mtu anayemaliza raundi tano anaweza kulima mstari kutoka chini hadi juu bila kuachwa. Kuachwa ndicho alichokiogopa. Katika risaga anayebaki nyuma huimbiwa. Wenzake husimama juu wameegemea majembe na kumtungia wimbo, na wimbo huo unaweza kumfuata mtu mpaka uzeeni. Hawakuimba kwa ubaya. Lakini baba alikuwa ameondoka bondeni akiwa mlimaji wa kuogopwa, na alitaka kurudi kwenye mstari mara moja tu, na arudi mzima.

Ilikuwa mwezi wa pili wa hesabu zetu nilipomwona mama nyuma ya nyumba akikwangua udongo wa kichuguu kwa kucha na kuutia mdomoni. Alifumba macho akila. Alipoyafumbua akaniona.

Kwetu mimba haitangazwi. Tumbo hujitangaza lenyewe siku linaposhindwa kujificha. Mwanamke anayesema kabla ya siku hiyo anayaita macho mabaya yaje kumtembelea. Lakini msichana wa miaka kumi na miwili anajua udongo wa kichuguu maana yake nini.

"Hukuona kitu," mama akasema.

"Sikuona, mama."

Akaniwekea mkono kichwani, wenye vumbi jekundu, akaenda kuchukua mtungi.

Nilikaa kimya kama nilivyofundishwa. Nilimwona akiegemea nguzo ya mlango kidogo kabla ya kujitwika. Nilimwona akipanda kutoka mtoni na kusimama njiani, na sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mshipa wa baba. Ile ilikuwa kazi nzuri, ya heshima, na nilikuwa nimeanza kuipenda.

Baba alipofika raundi nne, mzee wa risaga alikuja nyumbani. Zamu ilikuwa imefika kwake, na shamba lake lilikuwa kubwa.

"Askari, njoo Jumapili," akasema. "Nimesikia umekuwa simba wa uani. Njoo tukuone mlimani."

"Niache mpaka zamu inayofuata, mzee. Wiki moja tu. Niko raundi nne."

"Nne ni nini?"

"Bado moja."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tunalima ardhi, mwanangu. Hatulimi hesabu. Ukichoka utakaa. Nani atakuua?"

"Wimbo utaniua," baba akasema, naye akacheka.

Mama alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama. Alimtazama baba kwa muda, na baba akamtazama yeye, na mimi niliyekuwa kati yao sikusoma kitu katika macho yale. Kisha kisu kikaendelea.

"Wiki moja si kitu," mama akasema. "Maliza dawa yako."

Jumapili ile alijifunga leso mbili kiunoni badala ya moja. Alilima mstari wake na kufika juu pamoja na wengine. Nilikuwa nyuma yao asubuhi hiyo nikikusanya magugu, nikarudi nyumbani kumhesabia baba wakati mama aliposhuka kuanza mstari wa pili. Sikumwona akipiga magoti. Waliomwona walisema walidhani anang'oa mzizi. Walisema hakulia. Wanawake walimzunguka kwa leso zao ili wanaume wasione damu, na mmoja wao, yule yule mwenye ulimi, alikimbia mwenyewe mpaka kwetu.

Tulikuwa raundi ya nne, kituo cha tatu.

"Shemeji, njoo," akasema.

Baba alikimbia. Alishuka bondeni, akavuka maji, akapanda upande wa pili, na mimi nyuma yake nikishindwa kumfikia. Hakusimama popote. Hata katika hofu ile niliona kwamba hakusimama popote, na kwa pigo moja la moyo nilifurahi. Namwambia msomaji jambo hili kwa sababu sijamwambia mtu mwingine.

Walifunga blanketi kwenye miti miwili kuwa machela. Wanaume wanne wakaishika, wengine wakifuata nyuma ili wabadilishane, maana kutoka kwetu hadi barabara ya Keumbu ni mlima mtupu, na tulitumaini kupata gari la kwenda hospitali ya Kisii. Baba alishika mbele, upande wa kulia. Kila baada ya muda wanaume walibadilishana. Pembe tatu za machela zilipita mikononi mwa watu wengi. Pembe ya baba haikuhama.

"Niachie, askari," mzee wa risaga alimwambia. "Utaanguka naye."

"Sianguki."

Mama alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni. Nilitembea kando yake. Midomo yake ilikuwa imepauka kama ganda la ndani la mgomba. Tulipofika pale mlima unapokuwa mkali zaidi, pale hata wazima huhema, alifumbua macho.

"Mbona siisikii pumzi yako?" akamuuliza baba.

"Nyamaza, mama watoto. Tunakaribia."

"Zamani ningeisikia tangu mtoni." Alikuwa kama anayetabasamu. "Umepona."

Hatukusikia neno lake jingine.

Barabarani tulisubiri. Lilikuja lori la mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Kisii, limejaa magunia ya mahindi. Dereva hakusubiri kuombwa. Alishuka na utingo wake wakaanza kuteremsha magunia kutengeneza nafasi. Kisha dereva akaja kushika machela, akainama kumtazama mama, akaacha. Akavua kofia yake. Alisema maneno ya dini yake taratibu, halafu akatuambia, "Poleni, ndugu zangu. Mama huyu ametangulia."

Baba aliitazama barabara inayoelekea Kisii, akatazama gunia lililokuwa chini. Kisha akalishika, akalirudisha juu ya lori. Akalirudisha la pili. Dereva akasema, "Acha, bwana, acha, ni kazi yetu," lakini hakuna aliyethubutu kumzuia mpaka magunia yote yaliporudi mahali pake. Ndipo akaja, akashika pembe yake ya machela, tukashuka nyumbani.

Risaga ilikuja kwetu nje ya zamu, siku chache baada ya maziko. Walikuja wote, na kila nyumba ilileta majembe mengi kuliko ilivyopaswa. Baba alipewa mstari wake. Hakuna aliyemwimbia. Alifika juu kabla ya watu wote, akabaki amewapa mgongo mpaka mwanamke mmoja alipomletea maji na kumwambia, "Kunywa, shemeji. Kaa." Akakaa kwa sababu aliambiwa.

Wimbi lilipoota tulipalilia sisi wawili tu, mimi na yeye, bega kwa bega. Nilikuwa nimebeba jambo langu kwa wiki nyingi, na asubuhi ile likanishinda.

"Baba," nikasema, "nilimwona mama akila udongo. Kabla. Nilijua. Aliniambia sikuona."

Mikono yake iliendelea kung'oa magugu. Nilidhani hakusikia. Nikafungua mdomo nirudie.

"Nilijua kabla yako," akasema.

Upepo ulikuwa ukilaza wimbi changa na kuliinua.

"Hakuniambia. Lakini mtu anamjua mke wake. Nilihesabu. Nilisema, kabla hajawa mzito nitakuwa nimefika tano. Nikifika tano hatainama tena kwenye mstari wangu, hata kama atakataa. Ndiyo sababu nilianza." Alitoa mzizi mrefu, akaukung'uta udongo. "Wiki zilikuwa zinatosha, mwanangu. Kwa hesabu yangu zilikuwa zinatosha."

"Ungeweza kwenda Jumapili ile," nikasema. Sikujua kwamba ningelisema. Lilitoka tu.

"Ningeweza."

Akang'oa gugu jingine. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na upande wetu wa shamba ulikuwa haujafika nusu. Baada ya muda akasogea kwenye mstari uliofuata, nami nikasogea kando yake.